Mioyo Mitano ya Mvumaji

Mvumaji wa tano, ndege asiyezidi kidole gumba, alikuwa ametoka kupigana alipouawa. Alikuwa amemfukuza mwenzake kutoka kwenye wigo wa maua mekundu, wakapandishana hewani kifua kwa kifua, midomo yao kama sindano mbili zinazotafutana macho. Mkia wa kila mmoja, mrefu kuliko mwili wake wote, uliwaka buluu na kijani kila ukungu ulipopasuka kidogo. Aliyeshinda alirudi kwenye kijiti chake, akakunja mabawa. Zenobia Culqui alimwacha apumue mara moja, akavuta mpira wa manati mpaka sikioni, akaachia. Kidonge cha udongo mkavu kilimpata kichwani. Alidondoka bila kelele, mkia ukimfuata kwa nyuma kana kwamba haukuwa na haraka.

Zenobia alipiga magoti kwenye matope, akampasua kifua kwa ncha ya kisu. Moyo haukuzidi punje ya choroko. Ulidunda mara tatu juu ya ukucha wake, kisha ukatulia. Aliufunga ndani ya jani, akaulaza mwili palepale ulipoangukia, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa: mioyo iwe mitano, yote ya madume yenye mkia kamili, ikaushwe juu ya moshi, isagwe, inywewe, na miili isisogezwe hata hatua moja, la sivyo moyo wa mume nao hautajua pa kurudi. Mganga aliyemwambia hayo alikuwa kikongwe wa ng'ambo ya bonde, na alizungumza kwa uhakika wa mtu anayetaja bei ya chumvi.

Mume mwenyewe alikuwa Abdón Tuesta, mwendesha nyumbu. Kila Alhamisi aliteremka na mizigo ya kahawa mpaka mji wa chini, ulio kando ya mto, na kila Jumamosi alirudi akinukia sabuni ambayo nyumbani kwake haikuwapo. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa. Zenobia hakuwa mjinga. Alijua kwamba moyo wa ndege ni nyama tu. Lakini mtu anaweza kujua jambo na bado akaamka alfajiri kwenda kutenda kinyume chake, hasa kama hakuna jambo lingine lililobaki la kutenda.

Kijiji chao cha San Onofre, kilichobanwa kati ya msitu wa ukungu na nyanda za juu zenye baridi, kilikuwa kimekula kiapo juu ya ndege hao. Zamani mioyo yao iliuzwa kwa watu wa pwani waliotaka nguvu za kiume. Kisha wageni wakaanza kuja na darubini zao, wakaketi siku nzima kwenye kibanda kando ya wigo, wakila vyakula vya akina mama na kulala katika nyumba za watu kwa malipo, na mkutano ukaamua kwamba atakayemuua mvumaji mwenye mkia mrefu atachapwa hadharani. Wa kwanza kuchapwa alikuwa Lázaro Culqui, mdogo wake Zenobia, muuzaji mkubwa kuliko wote. Alipigwa viboko kumi, akatia dole gumba kwenye kitabu cha mkutano, na tangu hapo, mwaka wa pili sasa, hakuwa amegusa manati. Yalining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake, kwa kuwa yalikuwa ya marehemu baba yao.

Kutoka kwenye msumari huo Zenobia aliyachukua mara tano, asubuhi, wakati Lázaro akiosha kahawa kijitoni, na mara tano akayarudisha. Mpira ulikuwa umeoza. Alifunga mwingine mpya, uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli.

Abdón alikunywa mioyo ile Jumatano jioni, ndani ya bakuli la pombe ya miwa. Alhamisi asubuhi alihara, akalaani pombe, akatandika nyumbu, akaondoka.

*

Jumamosi hiyo wageni watatu waliondoka San Onofre siku mbili kabla ya muda wao. Walikuwa wamekaa kibandani tangu Jumatano na hawakuona ila majike yenye mikia mifupi. Mmoja wao, alipokwenda kujisaidia nyuma ya wigo, aliikuta miili, vifua vikiwa wazi, siafu wakiingia na kutoka.

Saa sita mchana ronda, yaani walinzi wa kijiji, walifika kwa Lázaro. Zenobia naye alikuwa akipanda njia ileile na sufuria ya mchuzi wa simbilisi, chakula cha mdogo wake. Aliwaona kwa mbali: watu sita waliovaa mablanketi ya poncho, wenye fimbo, na mbele yao mwenyekiti, Eleuterio Zabarburú, mtu mfupi asiyepandisha sauti. Lázaro alikuwa anageuza kahawa juani.

"Lázaro," mwenyekiti alisema, "acha reki hiyo, mikono tuione."

"Nina kahawa nje, mwenyekiti. Ikinyeshewa utaikausha wewe?"

"Nitaikausha juu ya mgongo wako."

"Basi itaiva vibaya. Mgongo wenyewe hauna nyama."

Mlinzi mmoja alicheka, na mwingine, labda kwa kuona aibu kwamba mwenzake amecheka, akampiga Lázaro fimbo nyuma ya magoti. Lázaro alianguka juu ya kahawa. Walimpiga hapohapo, bila hasira, kama watu wanaopura maharage: mbavu, mapaja, mbavu tena. Alipojaribu kuinuka, buti lilimkanyaga mkono, na Zenobia akasikia mlio kama wa kuni kavu. Kisha Lázaro akaanza kukohoa. Alikuwa amefanya kazi miaka minane mgodini, na vumbi la huko lilikuwa bado limekaa mapafuni mwake. Kikohozi chake kilianzia tumboni na hakikukubali kukatwa. Walimngoja amalize. Punje za kahawa zilizomganda shavuni zilikuwa na damu.

Mlinzi mmoja alitoka ndani na manati. Aliyaonyesha kwa kila mtu: vumbi jeupe la udongo kwenye ngozi ya kuwekea kidonge, mpira mpya, mwekundu.

Lázaro aliutazama mpira ule. Alilitazama fundo. Lilikuwa fundo la baba yao, lenye kupitishwa mara mbili na kuzamishwa chini, na katika ulimwengu huu walikuwa wamebaki watu wawili tu waliojua kulifunga. Akainua macho, akamwona dada yake amesimama njiani na sufuria.

"Una la kusema?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nina njaa," Lázaro akasema. "Dada ameleta chakula."

"Utakula kesho."

Zenobia alishika sufuria kwa mikono miwili, akasogea pembeni ya njia. Walipita karibu naye wakimkokota, na Lázaro, bila kumtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Nenda nyumbani, Seno. Mchuzi unapoa."

*

Adhabu ilijulikana kabla ya mkutano kuanza, kwa kuwa kosa la pili lilikuwa limeandikwa tangu zamani: viboko kumi na tano, kisha mwezi mzima wa mnyororo. Hapakuwa na chuma chochote katika mnyororo huo. Mkosaji alikabidhiwa kutoka kijiji hadi kijiji kule juu kwenye nyanda za baridi, vijiji saba kwa jumla, akilima mchana na kulala sakafuni bila blanketi, asubuhi akakabidhiwa kijiji kinachofuata. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia Lázaro mbele ya Zenobia kwamba baridi kali moja tu itatosha. Hakusema itatosha kufanya nini.

Utaratibu mwingine pia ulijulikana. Aliye karibu kuliko wote na mkosaji ndiye anayeanza, naye hupiga vitano kwa mkono wa kulia, vingine vikagawiwa nyumba nyingine, ili nyumba yoyote isije ikaiwekea nyumba nyingine kinyongo. Kiboko chepesi hakihesabiwi. Anayekataa kupiga, nyumba yake hufutwa kitabuni: ng'ombe wake akiibwa hakuna atakayemtafuta, naye akifa hakuna atakayebeba jeneza. Lázaro hakuwa na mke. Aliye karibu kuliko wote alikuwa Zenobia.

Jumapili, baada ya sala, ukumbi wa kijiji ulijaa mpaka madirishani. Ukungu uliingia na watu. Abdón, aliyekuwa amerudi jana yake, alikaa benchi la mbele na kibuyu cha pombe, kofia ikiwa gotini. Mezani mbele ya mwenyekiti palikuwa na kitabu, manati, kopo la vidonge vya udongo lililookotwa kwenye wigo, na ndege watano waliopangwa juu ya gazeti. Rangi ilikuwa imekwisha kuwatoka, isipokuwa mikiani.

"Wametobolewa kichwa wote," mwenyekiti alisema. "Watano, na hakuna hata mmoja aliyevunjika bawa. Nani San Onofre anapiga hivyo?"

"Culqui," wanaume kadhaa walijibu.

"Culqui," mwenyekiti akakubali, na hakuna aliyeona kwamba jina hilo lilikuwa la watu wawili. Hapakuwa na mwanamke kijijini aliyewahi kuonekana na manati. Mzee Culqui alikuwa amemfundisha bintiye kulenga huko juu malishoni, kabla Lázaro hajazaliwa, alipodhani kwamba hatapata mtoto wa kiume. Na alipompata, aliona haya kidogo na hakulisema tena.

Walimvua Lázaro shati, wakamfunga mikono kwenye nguzo. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kama mkate. Asunciona Goñas, mama mnene aliyetunza mjeledi wa ronda na aliyejulikana kwa ulimi wake, aliukabidhi kwa Zenobia.

"Shika chini kidogo, dada," alisema. "Ukishika juu utajichapa mwenyewe, na hapo hatutajua tumwandike nani."

Watu walicheka. Zenobia alisimama nyuma ya mdogo wake, akapiga.

"Hicho ni cha kufukuza nzi," Asunciona akasema. "Sifuri."

Akapiga tena.

"Sifuri. Lázaro, umesikia kitu?"

"Nilidhani mtu amefungua mlango," Lázaro alijibu, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima. Kisha akageuza uso kidogo, shavu likiwa kwenye mti wa nguzo, akasema bila kusogeza midomo sana, "Piga, Seno. Kila sifuri ni maumivu ya bure. Piga vitano uende zako nyumbani."

Hapo ndipo Zenobia alipoelewa kwamba mdogo wake anajua, na kwamba alijua tangu jana, na kwamba angekwenda kwenye mnyororo na ujuzi huo umefungwa kinywani kama alivyofungwa mikono. Alipiga. Ngozi ilifunguka kutoka bega mpaka ubavuni.

"Moja," Asunciona akasema, safari hii bila utani.

Kiboko cha pili kilipita juu ya jeraha la kwanza. Cha tatu Lázaro alikipokea kwa mguno wa mnyama, akaning'inia kwa kamba. Damu iliruka, ikatua kwenye gazeti la ndege. Zenobia aliona ajabu moja ya kutisha: kwamba mkono wake ulijua kazi hii, kwamba shabaha ileile iliyokuwa imemsaidia kwenye wigo ilikuwa inamsaidia hapa, na kwamba kila pigo lilitua pale alipotaka. Alijiambia, vitano tu. Alijiambia kwamba mwezi ni siku thelathini. Akapiga cha nne, na Lázaro akaanza kukohoa.

Alikohoa kwa muda mrefu. Kilichotoka mwishoni kilikuwa chekundu, nacho kiliteremka kwenye nguzo polepole. Asunciona aliinua mkono ili angoje.

Zenobia aliushusha mjeledi. "Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi ndiye niliyewaua. Wote watano. Manati niliyachukua kwake yeye akiwa kijitoni. Hakujua."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. "Dada mwema huyo," sauti ikasema kutoka dirishani. "Wa kwangu asingeniokoa hata kwenye dimbwi."

"Anasema uongo," Lázaro alisema. "Mwacheni amalize."

Abdón alisimama, kibuyu mkononi. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa aibu. "Mwenyekiti, nisamehe. Mke wangu amechanganyikiwa kwa damu. Huyu hata kuku wa hatua mbili akimrushia jiwe humkosa. Seno, kaa chini. Usinifanye kichekesho."

"Ulikunywa mioyo yao Jumatano," Zenobia akamwambia.

"Nilikunywa nini?"

"Mioyo. Ndani ya pombe. Ili uache kwenda mjini."

Asunciona akadakia. "Abdón, kumbe mwendo wote ule wa kukimbilia kichakani ulikuwa unahara ndege."

Kicheko kilipasua ukumbi. Abdón alikuja mbele hatua tatu, akainua kibuyu kana kwamba atamtupia usoni. Zenobia alikuwa amekwisha kuchukua manati mezani. Hakuna aliyemwona akiweka kidonge. Walisikia mpira ukilia, kisha kibuyu kikapasuka, na Abdón akawa ameinama, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, pombe na damu vikimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Kidole cha shahada kilikuwa kimeelekea upande ambao vidole havielekei.

Alilia kwa sauti nyembamba. Zenobia aliyarudisha manati mezani, kando ya ndege.

Mwenyekiti alikitazama kidole kile kwa muda, kama mtu anayesoma barua. Kisha akawatazama ndege. "Mfungueni Lázaro," alisema.

*

Hapakuwa na mjadala mrefu. Lilikuwa kosa la kwanza la Zenobia, lakini alikuwa ameacha mtu mwingine achapwe kwa ajili yake, na mkutano ulihesabu jambo hilo kuwa zito kuliko ndege. Viboko kumi na tano. Mnyororo mwezi mmoja, kuanzia kesho asubuhi. Walimfunga kwenye nguzo ileile, kifua chake juu ya ule wekundu uliokuwa haujakauka.

"Aliye karibu naye ni mume," mwenyekiti alisema.

"Nipeni," Abdón akasema. Alikuwa amefungwa kitambaa mkononi, na meno yake yaligongana. "Vitano vyangu, na vya nyumba nyingine nitaviomba. Nitapiga kwa kushoto. Nitamchuna."

"Kushoto hakuhesabiwi, shemeji." Lázaro alikuwa amekaa sakafuni, shati juu ya mabega, mgongo ukilitia rangi. Alijiinua kwa kushika mguu wa meza. "Na mimi nimechapwa vinne visivyo vyangu. Aliyeonewa ana haki ya viboko vyote. Imo kitabuni, soma."

Mwenyekiti hakuhitaji kusoma. "Unaweza kusamehe vile vinne," alisema, "lakini ndege si wako. Hivyo kumi na moja vingine huwezi kuvisamehe."

"Sisamehi hata kimoja. Nataka vyote."

"Hutafika mwisho, mwanangu," Asunciona alimwambia kwa upole. "Tazama unavyopumua. Ukishindwa njiani, vinavyobaki ni vya nyumba nyingine."

"Na vyangu," Abdón akasema. "Nitapiga kwa kulia hivyohivyo, na kidole hiki."

Watu walielewa. Hata waliokuwa madirishani walielewa, kwani hakuna aliyecheka. Kama Lázaro angeanguka kwenye kiboko cha sita, tisa vingebaki kwa wanaume wenye mabega mazima na hasira ya kupoteza wageni. Kama angepiga kwa huruma, Asunciona angetaja sifuri, na kila sifuri ingemla pumzi.

Alipokea mjeledi kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto, uliovunjika, aliuingiza kwenye mkanda wa suruali usimsumbue. Zenobia alimsikia akisogea karibu mpaka harufu ya damu yake ikamfikia.

"Sitakupunguzia, dada," alisema.

"Najua."

"Ukihisi utaanguka, egemea nguzo. Usinilazimishe kungoja."

Cha kwanza kilimtoa Zenobia hewa yote. Alikuwa amejiandaa kwa maumivu, lakini maumivu hayakuja kwa jina hilo. Yalikuja kama mwanga, kisha kama maji ya moto yanayotafuta njia ya kuingia. Asunciona alisema moja. Cha pili alipiga kelele. Cha tatu alijisikia akipiga kelele kama mtu wa nyumba ya jirani. Lázaro alipiga kama walivyofundishwa, bega kwanza, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mkono, na hakuna hata kimoja kilichotajwa kuwa sifuri.

Baada ya cha sita alikohoa. Zenobia aliacha kuhesabu viboko, akaanza kuhesabu vikohozi. Viwili. Vitatu. Alisikia hewa ikikwaruza kooni mwa mdogo wake, akasikia miguu yake ikisogea kutafuta kusimama, akasikia benchi la mbele likilia kwa uzito wa Abdón anayeinuka, kisha mjeledi ukarudi, na uchungu ule ulikuwa, kwa mara ya kwanza katika wiki nzima, kitu alichokitaka.

"Saba," Asunciona alisema.

Kwenye cha kumi, damu ilimfika Zenobia kwenye visigino. Kwenye cha kumi na mbili Lázaro alikohoa mpaka akalazimika kushika bega la dada yake asianguke, kiganja juu ya nyama iliyofunguka, naye Zenobia akaubeba uzito huo kama nguzo ilivyoubeba wake. Hakuna aliyesema kwamba hiyo hairuhusiwi. Akatema mate sakafuni, akarudi nyuma hatua mbili, akapiga.

"Kumi na tatu."

Cha kumi na nne kilichelewa mno. Zenobia alisikia mtu akisema kwamba amekwisha, mwacheni akae, na sauti ya Abdón ikisema nipeni basi.

"Bado viwili," Lázaro alisema, na alivipiga.

Walipomfungua, Zenobia aligeuka kabla hawajamzuia. Lázaro alikuwa bado amesimama, mjeledi ukiburuta, mdomo mwekundu, akivuta hewa kidogo kidogo kama mtu anayekunywa chai ya moto. Asunciona aliutoa mjeledi mkononi mwake kwa kuvifungua vidole kimoja baada ya kingine.

"Kahawa yako imenyeshewa," Zenobia alimwambia.

"Imenyeshewa," Lázaro alikubali. "Nitaianika tena kesho."

Kesho yake, kabla ukungu haujapanda, walinzi wawili wa kijiji cha kwanza cha juu walikuja kumchukua Zenobia. Alitembea katikati yao, poncho haigusi mgongo wake ila pale iliposhikwa na damu iliyokauka, na njia ilipokata juu ya nyumba ya mdogo wake aliomba wasimame kidogo. Reki ilikuwa inakwaruza chini, polepole, kwa mkono mmoja. Ilinyamaza kikohozi kilipokuja. Wakangoja wote watatu, mpaka ilipoanza tena, ndipo wakaendelea kupanda.